Tahadhari Namba Tisa

Nchi yenyewe siitaji. Msidhani naogopa. Siitaji kwa sababu jina lake liko mbele ya kamati, linachunguzwa kama ni salama kutamkwa hadharani, na kamati hiyo huu mwaka wa tatu haijapata akidi. Kwa sasa iiteni nchi yetu, na kila mtu atajua mwenyewe ni ipi.

Nchi yetu inajali usalama, jamani. Ukipanda ngazi za ofisi yoyote ya serikali kuna mtu ameajiriwa kukwambia hizo ni ngazi. Ukinunua chai, muuzaji ana wajibu wa kisheria kukwambia ni ya moto, hata kama imepoa. Lakini waliotia fora ni Wizara ya Anga na Tahadhari, na mimi nawajua vizuri kwa kuwa ndio wanaonilipa. Nafanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege. Cheo changu, wakati mambo haya yanaanza, kilikuwa Mfunua Kurasa, Daraja la Pili.

Kuna watu wakisikia hivyo wanacheka. Wacheke tu. Kitabu cha Tahadhari kina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na mwongoza ndege hawezi kushika kipaza sauti kwa mkono huu, darubini kwa mkono ule, halafu afunue kurasa kwa meno. Lazima awepo mtu wa kufunua. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuwahi kufunua kurasa mbili kwa pamoja hata siku moja. Marubani walinibandika jina la Mzee Kurasa, nami nikaitika.

Kitabu kilianza na mstari mmoja: "Kunaweza kuwa na kunguru karibu na kiwanja." Huo uliletwa na kunguru mmoja, sasa ni marehemu, aliyegonga kioo cha ndege ya posta. Mwaka uliofuata upepo ukamvua kofia mke wa balozi, ikaja tahadhari ya upepo. Mbuzi akaonekana ng'ambo ya uzio, yuko kwao, anakula majani ya kwao, hana habari na mtu. Ikaja tahadhari ya mbuzi. Rubani mmoja akasema jua limemchoma macho, tukapata tahadhari ya jua. Mwenzake akasema yeye hakuliona jua kabisa kwa mawingu, tukapata tahadhari ya kukosekana kwa jua. Kuongeza tahadhari kulihitaji sahihi moja tu. Kuondoa kulihitaji sahihi kumi na moja, na hebu niambieni, nani ataweka sahihi yake kwamba kunguru hawapo tena? Akitokea mmoja kesho, mwenye sahihi atajificha wapi?

Basi zikafika mia moja na kumi na nne. Kila ndege iliyotaka kutua ilisomewa zote, na rubani alitakiwa kuzirudia neno kwa neno, moja baada ya nyingine, ndipo apewe ruhusa. Kazi hiyo ilichukua dakika thelathini na nane. Safari kutoka mji wetu wa pili ni dakika ishirini na tano. Kwa hiyo abiria walikuwa wakifika, kisha wanazungushwa juu ya nyumba zao wakiona nguo zao zikianikwa, huku rubani akiapa kwamba amepokea habari za mbuzi.

*

Marubani wana hasira za karibu. Mwenye hasira kuliko wote alikuwa Kapteni Lugendo, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa akirusha ndege ya abiria arobaini na sita. Huyu alimwandikia Waziri barua, nakala akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kiwanja:

"Mheshimiwa, naomba kujua. Hao kunguru, leo wapo au hawapo? Kama wapo, ni wangapi, wako upande gani, na wanaruka juu kiasi gani? Kama hawapo, kwa nini ninatajiwa kila siku mara nne? Mimi ninaishi nao hewani kuliko ninavyoishi na mke wangu."

Waziri wetu, Mheshimiwa Mtengeti, ni mtu wa kujibu. Aliita waandishi wa habari, akavaa suti ya kijivu, akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," alisema, "rubani anayeuliza kama hatari ipo, huyo bado hajaielewa tahadhari. Serikali yenu haibahatishi. Serikali yenu inasema hatari inaweza kuwepo. Na niwaambie kwa kujiamini kabisa: tangu nimeingia wizara hii, haijatokea hatari hata moja katika anga yetu ambayo sisi hatukuwa tumeitaja."

Makofi yalipigwa. Na mimi nilipiga, maana alisema kweli tupu.

Kapteni Lugendo hakubishana tena. Alikwenda sokoni akanunua kinasa sauti, akajifungia chumbani siku nzima, akarekodi sauti yake akirudia tahadhari zote mia moja na kumi na nne, na kati ya moja na nyingine akaacha nafasi ya sisi kusoma. Tangu siku hiyo, akikaribia kiwanja, anapunguza sauti ya redio mpaka inabaki kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, anaiwasha kanda, halafu yeye na msaidizi wake wanatafuna karanga na kuzozana juu ya mpira. Wenzake wakajifunza. Haukupita muda, rubani mzima mwenye akili zake na leseni yake akawa hana sababu ya kutusikiliza.

Mwongoza ndege wetu, Bi. Sikudhani, aliligundua hilo siku ya tatu. Mama huyu alikuwa na miaka kumi na tisa katika kiti kile, mwembamba, miwani mikubwa, mtaratibu wa maneno. Aliniita na kunielekeza kwenye spika.

"Sikiliza, Mzee Kurasa. Namba hamsini."

Tukasikiliza. Namba hamsini ilipofika, Kapteni Lugendo akakohoa.

"Jana alikohoa hapo hapo," akasema. "Na juzi. Kifua gani hiki chenye ratiba?"

"Tumshtaki?" nikauliza.

"Tumshtaki kwa lipi? Nami ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Tunawaimbia watoto walale, Mzee Kurasa, halafu siku nyumba ikiwaka tutawaamsha kwa wimbo ule ule."

Kujibu si kazi ya Daraja la Pili. Nikafunua ukurasa.

*

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne Bi. Sikudhani aliweka darubini machoni na hakuitoa. Njia ya kurukia ilikuwa imetoboka mita mia sita kutoka mwanzo, upande wa kushoto wa mstari. Lilikuwa shimo hasa. Ng'ombe angelala ndani na usimwone pembe.

Akapiga simu wizarani, na kwa bahati ikapokelewa na Mheshimiwa mwenyewe. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia pande zote mbili.

"Mheshimiwa, njia imetoboka. Kuna shimo kubwa."

"Namba ngapi hiyo?"

"Namba ya nini, Mheshimiwa?"

"Tahadhari, mama. Shimo ni tahadhari namba ngapi?"

Akanitazama. Nikafunua. Nikamwonyesha kwa kidole: namba tisa, njia inaweza kuwa na mashimo.

"Tisa," akasema.

"Sasa tatizo liko wapi? Si tumeshalisema?"

"Tunalisema kila siku, Mheshimiwa. Ila leo lipo."

"Basi leo tutakuwa tumesema kweli zaidi. Hongera."

"Naomba tufunge njia tulifukie. Kifusi kipo hapo nje ya uzio, kile kilichomwagwa miaka minne iliyopita kinasubiri zabuni. Kazi ya siku mbili tu."

Sauti ya Waziri ilikuwa na huzuni ya mtu aliyeangushwa na mwanawe.

"Bi. Sikudhani. Ukilifukia shimo hilo, namba tisa itakuwa uongo. Unataka serikali iseme uongo hewani? Soma kitabu chako. Usipunguze neno, usiongeze neno. Ukiongeza hata moja, kesho usije kazini."

Simu ikakatwa. Kwenye spika ikaingia sauti ya Kapteni Lugendo, anakuja, abiria arobaini na sita, anaomba kutua.

Bi. Sikudhani akashika kipaza sauti. Nami langu lilikuwa kufunua kurasa. Akasoma namba moja mpaka nane kama kawaida. Alipofika ya tisa akakiacha kitabu.

"Kapteni, hapa nasema mimi, si kitabu. Kuna shimo la kweli njiani. Umenisikia?"

"Nimepokea," ikajibu kanda kwa sauti ya kengele, "njia inaweza kuwa na mashimo."

"Siyo inaweza! Lipo! Kapteni Lugendo!"

"Nimepokea, kunaweza kuwa na mbuzi."

Akamwita kwa jina lake, akamwita kwa jina la baba yake. Akapiga kelele ambazo sikujua kama anazo. Kanda ikampokea kwa adabu zote, ikamthibitishia vumbi, jua na kukosekana kwa jua. Ikafika namba hamsini ikakohoa. Mimi nimeng'ang'ania ukurasa wa kumi na sita, maana hakuna aliyeniambia nifunue.

Ndipo mama yule akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika mnara wetu tangu ujengwe. Alizima kipaza sauti, akakunja mikono, akanyamaza.

Mtu aliyezoea jenereta ya jirani huamka ikizimika. Kule juu kanda ilikuwa inaendelea kujibu hewa tupu: nimepokea hiki, nimepokea kile. Ikapita dakika moja. Nilikuwa naihesabu kwenye saa ya ukutani. Kisha kanda ikakatika katikati ya neno, na ikaja sauti ile ile ila yenye pumzi.

"Mnara? Mnara, mbona kimya? Dada Sikudhani, upo?"

"Nipo. Kanda umeizima?"

"Kanda gani?"

"Kapteni."

"... Nimeizima."

"Kuna shimo. Mita mia sita, kushoto kwa mstari. Bana kulia."

"Linaweza kuwepo?"

"Lipo."

Akabana kulia. Gurudumu lilipita hatua mbili kutoka ukingoni. Abiria hawakujua kitu, isipokuwa bwana mmoja aliyelalamika kwenye dirisha la tiketi kwamba ndege imetua upandeupande na kahawa yake imemwagika. Bi. Sikudhani alivua miwani akalia. Nami nilitaka kulia, nikakumbuka kanuni za mavazi na mwenendo.

*

Tume ilikuwa na watu saba na chupa saba za maji.

"Ulikaa kimya kwa muda gani?" aliuliza Waziri, ambaye ndiye mwenyekiti.

"Dakika moja na kidogo."

"Na tahadhari ngapi hukuzisoma?"

"Mia moja na sita, Mheshimiwa."

Ukumbi uliguna. Waziri akaweka kalamu chini taratibu.

"Kwa hiyo, mama, uliwaacha Watanzi..." hapo akakohoa, akatazama karatasi, "uliwaacha wananchi arobaini na sita watue bila kutahadharishwa juu ya mbuzi."

"Mbuzi hawakuwepo, Mheshimiwa. Shimo ndilo lililokuwepo."

"Hapa hatuchunguzi shimo."

Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Alikusanya kikombe chake na sweta yake, akanipa mkono, akasema, "Litazame lile shimo, Mzee Kurasa. Mvua zinarudi." Nikamwambia nitalitazama. Tangu hapo kila Jumatatu alikuwa anakwenda wizarani kuomba kibali cha kulifukia kwa mikono yake mwenyewe, na kila Jumatatu walikuwa wanamtahadharisha juu ya ngazi.

Lakini msidhani Mheshimiwa hana akili. Alitafakari. Aliona kwamba kimya kimefanya kazi ambayo kelele zote za miaka hazikuifanya. Ukatoka waraka: kuanzia sasa, baada ya kusomewa tahadhari zote, kila ndege itanyamaziwa kwa dakika moja kamili. Hiyo ikawa namba mia moja na kumi na tano, Kimya cha Tahadhari. Na aliyeteuliwa kukalia kiti, kusoma, kufunua na kunyamaza, nikawa mimi. Mke wangu alichinja kuku.

Mwezi wa kwanza marubani walikuwa wanashtuka. Kimya kikianza tu wanauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" nami nawajibu hakuna kitu, ni utaratibu. Mwezi wa pili wakaacha kuuliza. Wa tatu Kapteni Lugendo akaongeza kwenye kanda yake dakika moja isiyo na sauti.

*

Mvua zikarudi kama mama alivyosema. Shimo, ambalo marubani walishalizoea na kulikwepa kwa kulia, asubuhi moja nikaliona limevuka mstari na kuila njia yote. Siku hiyo Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anarudi kutoka mji wa pili, alikokwenda kuzindua ukurasa mpya wa Kitabu cha Tahadhari, na rubani wake ni Kapteni Lugendo.

Nikapiga simu wizarani. Msichana wa mapokezi akaniuliza ni namba ngapi.

Nikasoma mpaka tisa, nikapaaza sauti, "Kapteni, limefika kulia! Limeila njia nzima!" Nikajibiwa kwamba wamepokewa mbuzi. Nikafanya alivyofanya Bi. Sikudhani, nikanyamaza. Kule juu wakadhani namba mia moja na kumi na tano imewahi kidogo. Nikatoka nje ya mnara nikapunga shati langu. Walidhani ni upepo, nadhani, namba mbili.

Ndege ikaingiza pua shimoni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kila siku. Kapteni Lugendo alipoteza meno mawili ya mbele. Nilikimbia mpaka pale, na kabla sijamwona Mheshimiwa nikaisikia sauti yake ikitoka chini.

"Tulitahadharishwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Mara moja kwa kusomewa na mara moja kwa kunyamaziwa."

Kikatokea kichwa chenye matope, kisha tai.

"Basi mfumo unafanya kazi," akasema.

Akaunda tume palepale, mguu mmoja ungali shimoni. Akaagiza shimo lisiguswe kwa muda wa miaka miwili kwa kuwa sasa ni ushahidi. Ndege zitue kwenye kipande kilichobaki mbele yake, na marubani wakanyage breki kwa uzalendo.

*

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo silijui. Nasema tena silijui, na mtakaoulizwa mseme nilisema hivyo.

Wiki mbili baadaye nikiwa kitini, ndege ya Kapteni Lugendo inazunguka juu, niko namba ya nne, nikaona kwenye uzio pale palipokatika anaingia mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa. Anasukuma toroli. Ndani kuna kifusi, kile cha miaka minne. Akaenda nalo mpaka shimoni, akakimwaga, akageuka kufuata kingine.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye simu. Kisha nikafunua kitabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu. Namba thelathini na moja: kunaweza kuwa na mtu njiani. Nikatulia. Serikali imeshalisema. Hakuna haja ya mimi kuripoti jambo ambalo tayari limetajwa. Nikarudisha simu mahali pake.

Ila siku hiyo nilisoma polepole. Nilisoma kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kule juu kanda ikaanza kunipita, ikapokea mambo ambayo sijayasema, halafu ikazimwa.

"Mnara, vipi leo? Umelewa?" Meno yaliyokosekana yalimfanya Kapteni apige mluzi kila anapomaliza neno.

"Usalama kwanza, Kapteni."

"Usalama gani, mafuta yana..." Ndege ikapinda, ikapita juu ya njia, bawa limelala. Nilijua anachungulia chini. Ilimchukua mzunguko mzima.

"Mnara," akasema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "yule ni Dada Sikudhani?"

"Namba thelathini na moja, Kapteni. Kunaweza kuwa na mtu njiani."

"Nimepokea." Mluzi. "Endelea kusoma."

Nikasoma, naye akarudia mwenyewe kwa mdomo wake, neno kwa neno. Namba hamsini ikapita bila kikohozi. Nikafika mia moja na kumi na nne, nikanyamaza dakika yangu, na kule chini toroli lilikuwa bado liko katikati ya njia, mama ameinama anashindilia kwa miguu.

"Kapteni, unaruhusiwa ku..."

"Mnara, samahani. Sikusikia vizuri."

"Wapi hukusikia?"

"Namba moja. Rudia kuanzia hapo."

Waliosikia redio siku hiyo ni marubani wote waliokuwa angani, na marubani ni watu wa kuambizana. Kesho yake kila aliyekuja aliomba kurudiwa. Mmoja alisema habari za mbuzi zimemgusa, azisikie tena. Kwa siku tisa tahadhari za serikali zilirudiwa mara sitini na moja kwa maombi ya marubani wenyewe, na kila zinaporudiwa, toroli linakwenda na kurudi, mpaka shimo likajaa.

Takwimu hizo zilimfikia Mheshimiwa. Machozi yalimlenga. Alisema hatimaye sekta ya anga imeelewa, akapewa nishani ya Usikivu, Daraja la Kwanza, na ataivaa wiki ijayo akija kutua kwetu.

Atatua salama. Atasomewa zote, na ya tisa nitaisoma kwa sauti yangu nzuri kuliko zote: njia inaweza kuwa na mashimo. Hilo sasa limekuwa uongo wa serikali, na aliyelifanya liwe uongo anauza maandazi nyuma ya uzio, ana sugu viganjani. Nyinyi mkimwona Mheshimiwa, tafadhalini, msimwambie.